Kopo la Hiliki

Nianze na jambo ambalo watu wa Bagamoyo hawapendi kuambiwa. Hina ikikolea mkononi mwa bibi harusi ikawa nyeusi tititi, tunapiga vigelegele. Mtoto akizaliwa mweusi, tunakohoa kidogo, tunasema inshallah atatakata akikua. Weusi ni ule ule, ila mmoja tunautafuta kwa ndimu na majani, na mwingine tunauombea dua uondoke. Haya, mwenye akili anieleze.

Marehemu Kombo aliacha mabinti wawili, baba mmoja mama mmoja. Sihaba, mkubwa, alivuta kwa baba yake: mweusi wa kung'aa, mrefu, mwenye mikono mipana na kicheko cha kufika mtaa wa pili. Biubwa, mdogo, alivuta kwa bibi mzaa mama, aliyekuwa na damu ya Kimanga, ya Waarabu wa Maskati: mweupe, nywele za kulala. Sihaba alipozaliwa watu walisema alhamdulillahi, mzima. Biubwa alipozaliwa walisema mashallah, na shangazi mmoja akatoka mbio kwenda kumtafutia hirizi ya kijicho.

Tangu alipotimiza miaka kumi, Biubwa akawa hatoki mchana. Mama yao, Bi Chausiku, hakuwa mtu mbaya, tuelewane hapo. Alikuwa mjane, na kila jirani aliyepiga hodi alimwambia neno lile lile, kwamba yule mdogo ni mali, asiachwe akaungua na jua. Basi akamwachisha shule darasa la nne. Nguo zikitakiwa kuanuliwa jua likiwa kali, anaanua Sihaba. Maji bombani, Sihaba. Sukari dukani kwa Chandrakant, Sihaba. Biubwa akakaa chumba cha ndani akajifunza kushona kofia na kunyamaza, na kunyamaza alikujua kuliko kofia.

Aliyeishika nyumba ile baada ya Kombo kufariki alikuwa Sihaba. Akiamka alfajiri anapika vitumbua vya mchele na nazi, anavitia hiliki mpaka harufu inapiga hodi kabla yake, kisha anavifunika kawa na kuvitembeza mlango kwa mlango. Kwenye saa tatu anarudi na sinia tupu, isipokuwa kitumbua kimoja. Hicho ni cha mdogo wake. Wanakigawana kizingitini mwa chumba cha ndani, na Sihaba anaanza: mbuzi wa nani ameingia kwa Chandrakant akatafuna gunia, nani kamtukana nani bombani, maji yamekupwa mpaka wapi leo. Anaiga sauti za watu, Biubwa anacheka mpaka anashika mbavu. Dunia yote ya mtoto yule ilimfikia kwa mdomo huo mmoja. Aliipenda sana, na aliyemletea alimpenda zaidi.

Sasa, mwaka sabini na tatu posa ikaja. Aliyeileta ni Bi Dija, nyumba ya tatu kutoka msikitini, kwa ajili ya mwanawe wa pekee, Alawi, aliyekuwa Maskati mwaka wa pili kwa jamaa za baba yake. Alimposea Biubwa. Ami Kitwana, ndugu wa marehemu na ndiye walii wa mabinti, mwenye haki ya kuwaozesha, aliuliza kwa adabu kama haingekuwa vyema kuanza na mkubwa. Bi Dija akacheka. Akasema wahenga walishamaliza, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ajabu yake ni kwamba aliyasema hayo huku anatafuna kitumbua kilichotembezwa na huyo huyo anayemsema. Miaka yote ile Bi Dija hakufungua kinywa asubuhi ila kwa kitumbua cha Sihaba, na kikichelewa alikuwa akitoka kibarazani kuchungulia njia. Na Sihaba mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia na birika ya kahawa. Alisikia. Akaingia, akammiminia mgeni wake, wala hakumwaga tone.

Toka siku hiyo hadithi zikakatika. Sihaba alikuwa akirudi na kitumbua kama kawaida, anampa mdogo wake, anasema leo hakuna jipya, anaondoka. Biubwa alidhani ni ile methali inayomuuma, akawa anaona haya kupokea. Alijiona kama ameiba kitu, ila hakujua ni kitu gani.

Alawi hakupata ruhusa ya kuja. Akamtuma rafiki yake Bwanausi, baharia wa meli za mizigo, awe wakili wake wa kumpokelea ndoa, na alete sanduku la bibi harusi. Sanduku likafunguliwa mbele ya wanawake, kama desturi ilivyo. Likatoka hariri, likatoka manukato, udi, bangili, viatu vya visigino virefu ambavyo hakuna aliyejua vinatembelewa wapi. Na chini kabisa, limezongwazongwa kwenye kikoi kana kwamba ni kitu cha kuvunjika, likatoka kopo la hiliki.

Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi. Mmoja akauliza kama huyo bwana kaambiwa hiliki kwa Chandrakant imekwisha. Mwingine akasema Biubwa hata jiko hajui linawashwa upande gani, atazifanyia nini, kidani? Bi Dija alisema upesi upesi kwamba ni za chai ya harusi, akanyoosha mkono alichukue, lakini kopo lilikuwa limeshapitishwa mkono kwa mkono mpaka likamfikia Biubwa. Akalifungua. Harufu iliyomjia ilikuwa ya viganja vya dada yake. Alipoinua uso akamwona Sihaba amesimama mlangoni, analitazama kopo kwa macho ambayo mtu hatazamii hiliki. Kisha Sihaba akageuka akarudi jikoni.

Hapo Biubwa akafikiri jambo ambalo mji mzima haukulifikiri. Alawi hajawahi kumwona. Angemwona wapi, naye yuko ndani tangu utoto? Mwanamume aweza kutamani sifa za mtu asiyemjua, wapo wengi wa namna hiyo. Lakini hiliki hutumiwi kwa sifa. Hiliki anatumiwa mtu uliyekula mkononi mwake.

Na pwani hii mtu mwenye malezi hataji jina la mwanamwali mbele ya mwanamume mwenzake. Alawi alipomtuma Bwanausi alimwambia "binti wa marehemu Kombo", basi, na Bwanausi kwa heshima hakuuliza yupi. Jina alikuwa amemtajia mama yake tu. Mama akampelekea jibu kwamba binti wa Kombo amepatikana, mwana akafurahi, akatuma sanduku. Bi Dija alipita katikati ya adabu za watu kama anayepita uani kwake.

Wiki ya harusi Biubwa alisingwa. Sihaba ndiye aliyetwanga liwa na mawaridi, na ndiye aliyemsugua, alikataa mtu mwingine asimguse mdogo wake. Walikuwa wawili tu, mlango umefungwa, jua la asubuhi linaingia kwa mistari kwenye madirisha.

"Dada," Biubwa akasema, "Alawi alikuwa akipenda hiliki?"

Mikono ikasimama mgongoni mwake. "Nani asiyependa hiliki?"

"Alikutaka wewe."

Sihaba akachota singo nyingine, akaendelea kusugua, na huku anasugua akaeleza. Kwamba asubuhi nyingi aliyekuwa akifungua mlango kwa Bi Dija ni Alawi, naye akikila kitumbua pale pale kwenye ngazi, kikimuunguza. Kwamba kabla hajaondoka alimwambia nitamtuma mama. Kwamba amengoja, na kweli mama alikuja. "Ila alipofika ndani akakosea chumba," akasema, akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

Kisha akamgeuza mdogo wake wakaangaliana. "Nisikilize. Mimi nje nimekuona, nimekuzunguka mpaka nimekuchoka. Wewe hujaona hata bahari ikiwa mchana. Sheikh atakuja kukuuliza mara tatu, wewe nyamaza tu. Kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake, hutakiwi kusema kitu. Utapanda ndege, utaona mambo, na siku ukirudi safari hii utanihadithia wewe."

Biubwa akaanza kulia. Sihaba akamfuta kwa kiganja kilichojaa liwa, akamwachia michirizi uso mzima, wakatazamana, wakacheka, halafu wakalia wote wawili. Mama yao alipogonga mlango kuuliza kuna nini, wakamjibu kwa pamoja kwamba singo imeingia machoni.

Siku ikafika. Hina ya Biubwa ilikolea hata wazee wakasema mkwe wake anampenda. Alikaa kitandani ndani ya hariri ya Maskati, mama yake kushoto, Bi Dija kulia, chumba kimejaa wanawake na moshi wa udi. Sihaba alikuwa uani anapakua pilau. Sheikh akaja nyuma ya pazia pamoja na Ami Kitwana, Bwanausi na mashahidi wawili. Akasoma alichosoma, kisha akauliza, "Biubwa binti Kombo, umeridhia ami yako akuozeshe kwa Alawi?"

Biubwa akanyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza, kazi hiyo aliifanya tangu utoto, na sasa hata kujitahidi hakuhitaji. Akaulizwa mara ya pili. Alichowaza wakati ule ni kitumbua kimoja katikati ya sinia tupu, miaka yote, mvua na jua, hakikukosa hata siku moja. Akinyamaza mara moja zaidi atakuwa amemla dada yake mzima mzima na ndoa itakuwa halali. Akisema, dada ndiye atakayekwenda, na yeye atabaki na kile chumba pasipo mtu wa kumletea dunia. Alimtaka dada yake abaki kuliko alivyotaka kitu chochote. Sheikh akauliza mara ya tatu, akangoja, akavuta pumzi ya kutamka kwamba ameridhia.

"Sheikh," Biubwa akasema, "mimi sijaridhia."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wa zamani, nami naamini walikuwa wanakisemea chumba kile. Bi Chausiku alijifunika uso kwa ukaya. Ami Kitwana aliuliza kutoka nje kama mtoto amepandwa na shetani. Lakini mdomo wa Biubwa ulishafunguka, na hakuona njia ya kuufunga.

"Kaka Bwanausi," akasema kuelekea kwenye pazia, "ile hiliki uliambiwa umpe nani?"

Bwanausi alikohoa. Alikuwa baharia, uongo hakuuzoea ila wa forodhani. "Niliambiwa nimpe bibi harusi," akajibu. "Nimwambie huko Maskati vitumbua kama vyake havipo, na yeye asiache kutembea na sinia yake kwa ajili ya maneno ya watu."

"Anayetembea na sinia ni dada yangu Sihaba. Mimi sijawahi kupika hata uji."

Pale nje wanaume wakanong'ona, kisha Bwanausi akasema kwa sauti kwamba yeye amebeba amana ya mtu, na hawezi kumpokelea rafiki yake mke asiyemtuma. Sheikh akasema na yeye hamwozi asiyetaka. Macho yote ya chumbani yakahamia kwa Bi Dija. Akasimama, shingo imemtoka mishipa, akauliza kama wanataka ampelekee mwanawe yule.

Yule mwenyewe alikuwa ameshafika mlango wa uani, upawa mkononi, kanga imeingia moshi wa pilau. Akamwamkia shikamoo, maana malezi ni malezi.

"Bi Dija," akasema, "miaka yote umekula mkononi mwangu. Mkono ndio huu. Umekuwa mweusi lini?"

Bi Dija akakaa chini, kando ya kitanda, kwenye mkeka, akaanza kulia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti. Yaliyomtoka baadaye hakuna aliyeyategemea. Kabla hata ya posa, Bwanausi alipopita na meli yake, alikuwa amemsimulia hali ya mwanawe huko. Alawi wake, ambaye Bagamoyo nzima inamwita mweupe, huko kwa jamaa zake anaitwa mweusi. Anaitwa hivyo mezani na anaitwa hivyo kazini. Mama mtu hakulala. Akasema moyoni, nikimpa mke mweupe kuliko wote tulio nao, watamwachia.

Biubwa aliitazama mikono yake. Miaka tisa ya kivuli, na huko isingetosha. Angekwenda na weupe wake wote akaambiwa mweusi tangu kwenye ngazi ya ndege. Alitamani kucheka na hakuweza, akamwonea huruma yule mama, Mungu ndiye shahidi wangu.

Sihaba akampa mtu upawa. Akakaa mkekani karibu na Bi Dija, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga ile ile yenye moshi. "Wao watasema, mama," akamwambia. "Sisi tutakula."

Bi Dija hakusema nimekosa. Wa rika lake hawalijui neno hilo. Aliushika ule mkono mpana, akaugeuza juu na chini kana kwamba anauona leo, akaubusu, kisha akasema na ukuta kwamba pilau inapoa.

Basi sheikh akaanza upya. Sihaba alikaa nyuma ya pazia bila hina, bila hariri, uso unang'aa kwa jasho la jiko, na Biubwa kamshika mkono. Aliulizwa kama ameridhia. Sihaba, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu aache ziwa la mama, ambaye alikuwa na jibu kwa Chandrakant na kwa wenye zamu bombani na hata kwa mbuzi, akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza. Mara ya tatu machozi yalikuwa yanamtiririka na kidole chake kinaminya kidole cha mdogo wake, na neno halikutoka. Sheikh akasema ameridhia. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika sokoni.

Biubwa alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege Dar es Salaam. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya mchana. Alikaa dirishani upande wa jua, na Kerege ikapita, na Mapinga ikapita, majina aliyokuwa akiyasikia tu kizingitini, naye akawa anauliza hiki nini na yule nani, na Sihaba akamjibu yote. Mama yao, naye alikuwa safarini, alisema wabadilishane viti mtoto asiungue. Hakuna aliyenyanyuka. Kwenye kuagana Sihaba alimtia mdogo wake kopo la hiliki mkononi, akasema huko ziko tele.

Kesho yake Biubwa aliamka alfajiri. Aliunguza vya kwanza, vya pili vikawa vibichi ndani, vya tatu vikatazamika. Mama yake alimwangalia akifunika sinia kwa kawa, akashika mwavuli ampe, kisha akauweka chini. Biubwa akatoka. Jua lilimpiga usoni, akafumba macho, akatembea kwa kugusa ukuta mpaka yalipozoea.

Alipopiga hodi kwa Bi Dija, mwenye nyumba alikuwa ameshakaa kibarazani, anachungulia njia. Alimtazama yule msichana juani, akamwambia rudi ndani, mwanangu, utaharibika rangi.

"Acha iharibike kidogo, mama. Kivuli nimekaa sana."

Bi Dija akachukua kitumbua kimoja, akauma, akatafuna polepole. Akakitazama. Macho yakamjaa.

"Hukutia hiliki."

"Ninayo," Biubwa akasema. "Sijaweza kulifungua kopo."

Yule mama akamaliza kitumbua chake chote, hata ile pembe iliyoungua, akajifuta mikono kwenye kanga. Akasogea kumpa nafasi kwenye ngazi, pale pale alipokuwa akikaa Alawi.

"Kesho lilete," akasema. "Tutalifungua pamoja."